Mzigo wa Kilimanjaro: Kila Kitu na Saa Yake

Mzigo wa kupanda Kilimanjaro una mipaka miwili inayojulikana kabla begi halijafunguliwa. Mpaka wa kwanza ni uzito. Mpagazi haruhusiwi kubeba mzigo unaozidi kilo 20, na mizigo hupimwa kwa mizani kwenye malango ya hifadhi. Ndani ya kilo hizo, kampuni nyingi za kupandisha watu mlimani humtengea mpandaji kilo 15 kwa begi lake, ili ibaki nafasi ya vitu vingine alivyonavyo mbebaji. Mpaka wa pili ni hali ya hewa. Lango la Machame liko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Kwa kawaida joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kila mtu anapopanda mita 1,000, kwa hiyo aliyeanza safari kwa fulana na jasho humaliza kwa koti zito na glovu mbili mbili.

Safari hiyo kwa kawaida huchukua kati ya siku tano na nane. Ndani ya siku hizo mpandaji hupita kwenye msitu wa mvua, kwenye vichaka vya nyanda za juu, kwenye jangwa la mawe na vumbi, kisha kwenye barafu. Njiani hakuna duka wala soko, na alichokisahau mjini Moshi hakimfuati. Kazi ya kufunga mzigo ni kutia misimu yote hiyo ndani ya kilo 15, na kuipanga ili kila kitu kipatikane saa kinapohitajika. Kosa la uzito hugunduliwa mapema kwenye mizani. Kosa la mpangilio hugunduliwa gizani, kwenye baridi, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Funzo la mwaka 1889

Historia ya mlima huu yenyewe ni ushahidi wa nguvu ya maandalizi. Mjerumani Hans Meyer alifika chini ya Kibo, sehemu ya mlima kilipo kilele cha Uhuru, mwaka 1887 akalazimika kurudi, kwa kuwa hakuwa na vifaa vya kupitia theluji nene na barafu. Aliporudi mwaka 1889 alifuatana na Ludwig Purtscheller, mpanda milima kutoka Austria, na safari hii alibadilisha mpango mzima wa mizigo. Kambi ziliwekwa hatua kwa hatua katika miinuko mbalimbali, na wapagazi wakawa wanapandisha chakula mara kwa mara. Jaribio moja liliposhindikana, wapandaji hawakulazimika kushuka hadi chini kutafuta riziki. Walijaribu tena kutoka juu walikokuwa. Tarehe 6 Oktoba 1889 wakafika kileleni.

Nyuma ya mafanikio hayo walikuwapo watu waliobeba, waliopika na waliolinda kambi, akiwamo Muini Amani, mtu wa Pangani, aliyebaki nao kwenye kambi ya juu. Kilichokuwa kimebadilika kati ya 1887 na 1889 ni vifaa, na mahali kila kifaa kilipowekwa. Mlima ulikuwa uleule.

Begi la mpagazi na mkoba wa mgongoni

Mpandaji huwa na mizigo miwili, na tofauti kati yake ndiyo msingi wa mpangilio wote. Upo mzigo mkubwa unaobebwa na mpagazi, na upo mkoba wa mgongoni ambao mpandaji hubeba mwenyewe.

Begi kubwa linafaa liwe laini, la turubai au nailoni ngumu, lenye ujazo wa lita 80 hadi 100. Mpagazi hulibeba kichwani au mabegani, mara nyingi likiwa ndani ya gunia au mfuko mwingine mkubwa wa kulikinga. Sanduku lenye magurudumu, fremu ya chuma na mikono ya kuvuta halifai: lenyewe tupu hula kilo tatu au nne, halikai kichwani, na pembe zake humchoma mbebaji. Begi laini lina uzito wa kilo moja au zaidi kidogo, na linajikunja kufuata kilichomo.

Mkoba wa mgongoni unatosha ukiwa wa lita 25 hadi 35, wenye mkanda wa kiunoni unaohamishia uzito nyongani. Kilo zake zisizidi sita au saba, na karibu nusu ya hizo ni maji.

Jambo ambalo wageni wa mlima huu wengi hawalitarajii ni kwamba mizigo hii miwili haitembei pamoja. Asubuhi wapandaji huondoka kwanza. Wapagazi hubaki wakivunja mahema na kufunga vyombo, kisha huwapita njiani kwa mwendo wao wa haraka na kufika kambini mapema. Toka asubuhi hadi alasiri mpandaji haligusi begi lake kubwa. Mvua ikinyesha saa tano kamili, koti la mvua lililomo ndani ya begi la mpagazi halina msaada wowote. Kwa hiyo mkoba wa mgongoni hupangwa kwa kujiuliza swali moja: ni nini kinaweza kuhitajika ndani ya saa nane zijazo? Jibu lake ni maji ya kutosha, koti na suruali ya mvua, sweta moja ya joto, kofia ya jua na ya baridi, glovu nyepesi, miwani ya jua, mafuta ya kukinga jua, vitafunio, dawa binafsi, karatasi za chooni na nyaraka. Vingine vyote vinaweza kusubiri jioni.

Nguo kwa tabaka

Nguo ndizo zinazojaza begi, na ndizo zinazopunguzwa kwa urahisi zaidi zikipangwa kwa tabaka. Tabaka la ndani hugusa ngozi na kazi yake ni kuondoa jasho mwilini. Tabaka la kati hutunza joto. Tabaka la nje huzuia upepo na mvua. Mtu mwenye vipande vitano au sita vinavyovalika kimoja juu ya kingine anaweza kukabili nyuzi 25 za msituni na nyuzi 15 chini ya sifuri za kileleni kwa vipande hivyohivyo, akivua na kuongeza. Mwenye makoti matatu mazito ana uzito mara mbili na hana nguo ya katikati.

Tabaka la ndani lisiwe la pamba. Pamba hunyonya jasho na kulishikilia, na mlimani hukauka polepole mno. Fulana yenye jasho inayovaliwa na mtu aliyesimama kupumzika kwenye upepo wa mita 4,000 humpoza mwili kwa dakika chache. Nguo za nyuzi za kiwandani au za sufu laini hukauka haraka, na sufu ina sifa ya ziada ya kutoshika harufu upesi, hivyo mtu anaweza kuirudia siku mbili au tatu.

Kwa safari ya siku saba, hesabu inayotosha ni fulana tatu za kutembelea, suruali mbili za safari, seti mbili za nguo za ndani za joto ambapo moja huhifadhiwa kwa kulalia tu, sweta mbili za flisi zenye uzito tofauti, koti moja zito lenye manyoya ya bata au kijazo kingine cha joto, na seti moja ya koti na suruali ya mvua. Soksi ziwe jozi tano au sita, mbili kati yake nene. Nguo za ndani ni chache kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa nyepesi zinaweza kufuliwa kwa maji kidogo kambini na kuanikwa juu ya mkoba siku inayofuata. Kichwani huvaliwa kofia ya sufu au boshori la kufunika hadi shingo. Mikononi huvaliwa glovu nyembamba, na juu yake nene zisizopitisha upepo.

Buti zina kanuni yake. Haziingii kwenye begi kabisa: msafiri huzivaa tangu nyumbani. Zina uzito mkubwa, na tena ndicho kifaa kigumu zaidi kukibadilisha begi likipotea. Koti, fimbo za kutembelea na mfuko wa kulalia vinapatikana kwa kukodi Moshi na Arusha. Buti zilizokwisha kuzoeana na mguu wa mwenyewe hazikodishwi popote, na buti mpya hutoa malengelenge siku ya kwanza. Zinapaswa kuvaliwa wiki kadhaa kabla ya safari, kwa matembezi marefu na soksi zilezile zitakazopanda nazo mlima.

Ndani ya begi: cha mwisho kuhitajika hutangulia kuingia

Begi kubwa hupakiwa kinyume cha safari. Kinachohitajika mwisho huingia kwanza na kukaa chini kabisa. Kinachohitajika jioni ya kwanza huwa juu. Nguo za usiku wa kileleni, yaani koti zito, glovu nene, boshori, suruali ya joto na soksi mpya nene, hutiwa kwenye mfuko wake wenyewe usiopitisha maji na kufungwa mpaka kambi ya mwisho. Mpandaji anayezivaa mapema kwa sababu jioni ya pili imekuwa baridi kidogo huzifikisha kambi ya Barafu au ya Kibo zikiwa na unyevu, na nguo yenye unyevu ni nusu ya nguo.

Juu ya mfuko huo hukaa nguo za katikati ya safari, kisha vifaa vya usafi, kisha nguo za kulalia. Mfuko wa kulalia, ambao kwa baridi ya mlima huu huwa na uzito wa kilo 1.5 hadi 2, hukaa upande wa mdomo wa begi kwa kuwa ndio wa kwanza kutoka kila jioni. Ukitandazwa mara tu mpandaji anapofika kambini hupata muda wa kujaa hewa, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto usiku.

Kugawa vitu katika vifuko kuna faida mbili. Mvua ikipenya begi, haipenyi vyote. Na mtu anayetafuta soksi hutoa kifuko kimoja badala ya kumwaga begi zima ndani ya hema dogo linalolala watu wawili. Vifuko vya rangi tofauti hujieleza vyenyewe: chekundu cha kileleni, bluu cha nguo za mchana, cheusi cha nguo chafu. Viwe vya kitambaa au nailoni ya kudumu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, na msafiri anayetua Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro akiwa amefungia nguo zake ndani ya mifuko hiyo hutakiwa kuiacha. Vile vifuko vidogo vya plastiki vyenye zipu, vinavyotumika kwa sabuni na vipodozi, huruhusiwa kwa sharti kwamba mgeni atatoka navyo nchini.

Anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam naye ana hadhari yake. Mabegi meusi ndani ya buti la basi hufanana, na abiria hushuka vituo tofauti usiku au alfajiri. Utepe wa kanga uliofungwa kwenye mkono wa begi hulitambulisha kutoka mbali, na jina na namba ya simu vikiwekwa ndani ya begi pia, hubaki hata utepe ukikatika.

Maji, betri, dawa na nyaraka

Vitu vidogo ndivyo vinavyoharibu safari vikikosekana. Maji ya kunywa huandaliwa na timu kambini, na mpandaji huhitaji vyombo vya kubebea lita tatu hivi. Chupa za plastiki za kutupwa zimekatazwa ndani ya hifadhi, hivyo huhitajika chupa za kudumu. Mfuko wa maji wenye mrija ni mzuri mchana kwa sababu mtu hunywa bila kusimama. Usiku wa kileleni mrija huo huganda mapema. Dawa yake ni kuupuliza kila baada ya kunywa ili maji yarudi mfukoni, na kuwa na chupa ya akiba iliyofungwa ndani ya soksi nene na kuwekwa kichwa chini. Maji huanza kuganda juu, kwa hiyo chupa iliyopinduliwa huganda upande wa kitako na mdomo wake hubaki wazi.

Betri nazo huogopa baridi. Simu iliyokuwa na chaji nusu jioni inaweza kuzimika alfajiri bila kutumika. Simu, kamera, betri za tochi na pawabenki hulala ndani ya mfuko wa kulalia pamoja na mwenyewe. Katika ndege, pawabenki hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa kanuni za usafiri wa anga haziruhusu kuiweka kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege.

Dawa hukaa kwenye mkoba wa mgongoni muda wote: za maradhi ya kudumu, za maumivu ya kichwa, za kuhara, za malengelenge, na zile za kuzuia ugonjwa wa mwinuko kama daktari amemwandikia mpandaji. Anayetegemea dawa kila siku huigawa sehemu mbili, moja mgongoni na nyingine kwenye begi kubwa. Wanawake hufanya vyema kubeba taulo za hedhi hata kama siku zao hazijafika, kwa kuwa mwinuko na uchovu vinaweza kuzibadilisha.

Nyaraka hukaa kwenye kifuko kimoja kisichopitisha maji: pasi au kitambulisho, bima, na fedha taslimu. Raia wa nchi za Afrika Mashariki hulipa viingilio vya chini kuliko wageni wa mbali, na uraia huo huthibitishwa kwa hati. Kitambulisho kilichosahaulika nyumbani kinaweza kumgharimu mtu pesa nyingi langoni.

Asubuhi za kambini

Mpangilio uliofanywa sebuleni hudumu siku moja. Kuanzia asubuhi ya pili mzigo hufungwa upya kila siku, na hapo ndipo utaratibu huonyesha thamani yake. Kwenye kambi ya Barranco, iliyo zaidi ya mita 3,900, kuinama kufunga zipu humfanya mtu atwete. Kwenye mita 4,600 na zaidi, akili huwa nzito na kumbukumbu hupungua. Mambo madogo kama kukumbuka ilipo tochi huwa kazi.

Njia iliyozoeleka ni kufunga begi kabla ya kifungua kinywa. Mpandaji akiamshwa hukunja kwanza mfuko wa kulalia kabla baridi haijamkatisha tamaa, hubadili nguo, hurudisha kila kifuko mahali pake, kisha hutoa begi nje ya hema. Akiwa anakunywa uji, wapagazi huanza kuvunja hema na hawasubiri mtu. Kila kitu kikiwa na mahali pamoja tangu siku ya kwanza, kufikia siku ya nne mikono hufanya kazi yenyewe. Tochi iwe kwenye mfuko uleule wa mkoba, kila usiku. Jioni, akiwa bado na nguvu, mpandaji huandaa nguo za kesho na kujaza mkoba wa mgongoni, akimwuliza mwongozaji hali ya njia inayofuata.

Usiku wa kileleni

Kambi ya Barafu kwenye njia ya Machame iko mita 4,673, na vibanda vya Kibo kwenye njia ya Marangu viko mita 4,720. Kutoka hapo hadi Uhuru ni zaidi ya mita 1,100 za kupanda. Wapandaji huamshwa kabla ya saa sita usiku na kuondoka karibu na saa sita, ili wafike ukingo wa kreta jua linapochomoza.

Maandalizi hufanywa mchana, mwanga ukiwapo. Mfuko wa kileleni hufunguliwa na nguo hutandazwa kwa mpangilio wa kuvaliwa. Nyingine huvaliwa kabisa kabla ya kulala. Betri mpya huwekwa kwenye tochi ya kichwani, na za akiba kwenye mfuko wa ndani wa koti. Mkoba wa mgongoni hupunguzwa: maji, vitafunio, glovu za akiba, miwani ya jua, mafuta ya jua, dawa na simu. Vitafunio hukaa kwenye mfuko unaofunguliwa kwa mkono wenye glovu, kwa kuwa baridi inaweza kufika nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri na upepo huizidisha. Miwani na mafuta ya jua husahauliwa mara nyingi kwa sababu safari huanza gizani. Saa sita baadaye jua huwaka juu ya barafu na macho yasiyokingwa huumia.

Wakati wa kushuka, tabaka huvuliwa moja moja, na mkoba ulioondoka mwepesi hujaa nguo. Nafasi hiyo inapaswa kuachwa tangu mwanzo.

Kilo na mbebaji

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama haoni uzito wake. Methali hiyo haina mahali inapofaa kuliko njia za Kilimanjaro, ambako wapagazi, wanaojiita wagumu, hupanda na mahema, vyombo vya jikoni, chakula na mabegi ya wageni juu ya vichwa vyao, na huku wanavyo vitu vyao wenyewe vya kuwakinga na baridi ileile.

Kwa hiyo kila kitu cha ziada kina mtu anayekilipia kwa shingo yake. Viatu vya tatu, kitabu kinene, chupa kubwa ya losheni, suruali ya jinzi ya kuvaa siku ya kurudi: vyote hivyo vinaweza kubaki hotelini Moshi katika begi dogo lenye nguo safi. Sabuni na dawa ya meno huhamishiwa kwenye vichupa vya kutosha siku saba. Mizani ya mkono ya kuning'inizia begi ni ya bei nafuu, na begi likipimwa nyumbani hakuna mabishano langoni. Likifika kilo 14, nafasi ya kilo moja iachwe hivyohivyo, maana nguo zenye maji huongeza uzito kadiri siku zinavyokwenda.

Kuna pia kinachobaki baada ya safari. Taka zote hushushwa, na hupimwa, ili kuhakikisha hakuna kilichoachwa mlimani. Glovu, makoti na soksi ambazo mpandaji hatazihitaji tena zina wa kuzitumia: Moshi kuna mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro ambao huwaazima nguo za mlimani wasio na uwezo wa kununua. Vilivyobaki hukaguliwa nyumbani. Kilichotumika kila siku, kilichotumika mara moja na kilichorudi bila kuguswa huandikwa katika orodha tatu, na orodha hizo ndizo za kufungia mzigo wa safari inayofuata.